Kuchagua amplifaya: wati si kila kitu

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze juu ya amplifaya. Nimepanda na kushuka Luthuli Avenue hapa Nairobi kwa wiki tatu, na hatimaye nimeamua. Nadhani njia niliyofuata itamsaidia yeyote anayetaka kuboresha muziki wa nyumbani bila kutupa pesa.

Hali yenyewe ni hii. Marehemu Baba alituachia spika mbili za mbao, mashine ya santuri, santuri mia na ushei (Super Mazembe, Les Mangelepa na bendi nyingine za rumba zilizopiga Nairobi miaka ya 1970), pamoja na amplifaya moja kuukuu. Amplifaya hiyo ilianza kukwaruza upande mmoja, kisha upande huo ukawa unakatika kabisa. Mama anaishi nami tangu mwaka jana, na kila Jumapili swali ni lilelile: "Hizo santuri za baba yako zitalia lini?" Bajeti yangu ilikuwa shilingi 25,000. Na spika hizo zikiungua, hakuna duka nitakalopata nyingine.

Sisi watu wa programu tuna kanuni moja: kabla ya kununua sava kubwa zaidi, pima kwanza uchelewaji uko wapi. Nikafanya hivyo hivyo. Nilibadilishana nyaya za spika, ya kushoto ikaenda kulia. Mkwaruzo ukahamia spika ya pili, kwa hiyo spika ni nzima. Nikabadilishana nyaya za kutoka kwenye mashine ya santuri. Safari hii mkwaruzo ukabaki palepale, kwa hiyo mashine nayo ni nzima. Mgonjwa ni amplifaya. Jaribio hili halina gharama. Zima umeme tu kabla ya kugusa nyaya.

Haya, sasa wati ngapi? Spika za Baba zimeandikwa nyuma: omu 8, desibeli 87. Maana yake, ukiipa spika wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, unapata desibeli 87. Kochi la Mama liko mita 3 kutoka hapo. Umbali huo unapunguza karibu desibeli 9.5, na spika ya pili inarudisha kama 3. Kwa hiyo wati 1 tu kwa kila spika inafikisha desibeli 80 hivi kochini, bila kuhesabu kuta za sebule ambazo huongeza kidogo. Tunasikiliza kwa wastani wa 75, na ngoma na tarumbeta zikiruka desibeli 15 juu ya hapo tunafika 90. Hizo ni desibeli 10 juu ya 80, yaani wati 10. Amplifaya ya wati 30 za kweli inatosha na kubaki.

Tena kumbuka kwamba ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, linahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kulipa zaidi ili kutoka wati 40 kwenda 60 ni kununua tofauti ambayo ni vigumu kuisikia.

Nimesema wati za kweli kwa sababu kuna za kibandiko. Duka la kwanza niliambiwa, "Bosi, hii ni wati elfu tatu, majirani watakuheshimu." Nikaigeuza. Nyuma imeandikwa kwamba inatumia wati 60 za umeme. Mashine haiwezi kutoa nguvu kuliko inayoingia! Mbele waliandika PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja. Wewe tafuta RMS, pamoja na omu zilizotumika kupimia. Si suala la kudanganywa tu: amplifaya ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na hapo spika ndogo ya sauti nyembamba inaweza kuungua.

Ya pili ilikuwa mtumba kutoka Japani, nzuri sana kwa macho. Lakini Japani hutumia volti 100, sisi 240. Ingehitaji transfoma ya kushusha umeme, na siku mgeni atakapoichomeka moja kwa moja ukutani akidhani anasaidia, mchezo umekwisha. Nikaiacha.

Ya tatu ni hivi vidogo vya daraja D, vinavyotoshea kiganjani. Siwezi kuvisema vibaya. Havipotezi umeme mwingi kwa joto, na bei ilikuwa shilingi 7,000. Boksi lilisema wati 100, lakini hiyo ni kwa spika za omu 4. Kwa adapta ya volti 24 na omu 8, hesabu ni 24 mara 24, gawa kwa 16: wati 36 kwa kila upande, hapo ni juu kabisa. Kwa sebule yetu zinatosha. Ningekuwa nacheza muziki wa simu tu, ningemaliza hapo.

Tatizo ni santuri. Sindano ya kawaida hutoa milivolti 5 hivi, wakati tundu la kawaida la amplifaya linangoja mamia ya milivolti. Isitoshe, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa, kwa kanuni ya RIAA ya mwaka 1954. Lazima kuwe na kitu cha kurudisha usawa huo. Bila hicho utasikia muziki mdogo, mkavu, usio na gitaa la besi. Rumba bila besi ni nini?

Kwa hiyo kilichoamua ni tundu moja lililoandikwa PHONO. Nimechukua mtumba kutoka Uingereza, volti 230, wati 40 RMS kwa omu 8, tundu hilo likiwemo, kwa shilingi 18,000. Kabla ya kulipa nilipima kwa mita volti za moja kwa moja kwenye matundu ya spika: kushoto milivolti 9, kulia 12. Zikizidi 50 hivi, usiunganishe spika unazozipenda. Nilizungusha pia kitufe cha sauti taratibu kusikiliza mikwaruzo, nikaiacha iwake nusu saa nione joto lake.

Zilizobaki 7,000 nimenunua sindano mpya na kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Ukienda kununua yako, nenda na namba za spika zako mfukoni, na ujue kwanza muziki wako unatoka wapi. Wauzaji watakutajia wati. Wewe uliza kuhusu matundu.