Kinachofuata alama ya kuuliza

Leo tuangalie kipande cha anwani ya wavuti ambacho wengi hukiruka: yale maandishi yanayofuata alama ya kuuliza.

matokeo.php?mwanafunzi=118&muhula=2

Hapa kivinjari kinaiambia seva mambo mawili. Jina liko kabla ya alama ya sawasawa, thamani iko baada yake, na & hutenganisha jozi. Kwa PHP unasoma hivi:

$id = $_GET['mwanafunzi'];

Rahisi, sivyo? Lakini kuna mitego. Kwanza, hiyo 118 inakufikia kama maandishi, si namba. Pili, huenda isiwepo kabisa, kwa hivyo hakikisha kwa isset(). Tatu, alama ya kujumlisha husomwa kama nafasi tupu: ukituma simu=+254 na tarakimu zinazofuata, ile + itapotea njiani. Andika %2B mahali pake.

Zamani PHP ilikuwa na register_globals, iliyogeuza kila kigezo cha anwani kuwa kigeu ndani ya programu. Mgeni angeandika ?msimamizi=1, na programu iliyoandikwa ovyo ingemwamini. Tangu toleo la 4.2.0 la mwaka 2002 ilikuja ikiwa imezimwa, na toleo la 5.4 la 2012 likaiondoa kabisa.

Lakini mtego mkubwa haukuondoka nayo. Shule moja iliniita nikague tovuti yake. Niliingia kwa akaunti ya mzazi mmoja, nikabadilisha 118 kuwa 119. Yakatokea matokeo ya mtoto wa mtu mwingine, na salio la karo juu yake. Mwalimu aliyekuwa kando yangu akauliza, "Umevunja tovuti?" Nikamwambia hapana, nimeuliza tu, nayo ikajibu.

Aliyeitengeneza alikuwa amekagua kwamba mzazi ameingia, basi. Hakukagua kama mtoto ni wake. Kuificha namba au kutumia POST hakutibu. Dawa ni kumtambua mzazi kutoka kwenye kikao kilicho kwenye seva, kisha kuiuliza hifadhidata mambo yote mawili:

WHERE id = ? AND mzazi_id = ?

Mistari ilikuwa michache, ila siku hiyo siri za watoto wale zilifungiwa mlango.

Una tovuti yako yenye namba kwenye anwani? Ongeza moja uone inajibu nini. Kisha tuandikie hapa chini.