Samaki Wangu Alikuwa na Deraya na Bado Nilimuua

Wasee, nikisema kambare mnafikiria mumi wa Kisumu wa kushibisha familia. Wangu hakufikisha hata sentimita 5. Anaitwa Corydoras panda, na kwao ni Peru, kwenye vijito vya upande wa mto Ucayali. Wataalamu walimpa jina hilo mwaka 1971 juu ya ule weusi wa machoni, kama panda.

Badala ya magamba ana mabamba ya mfupa, safu mbili kila ubavu. Nikaona hiyo deraya, nikasema huyu ni soja, hatasumbua. Nikanunua mmoja tu, nikamweka kwa tangi la kioo lenye kokoto kali za buluu. Zilikuwa zinatoka poa kwa picha.

Wiki chache baadaye sharubu zake zilikuwa zimelika. Kumbe ndizo anatumia kutafuta chakula, akichokora mchanga laini wa kijitoni. Tena kwao hutembea kundi. Maji yakikosa hewa, hupanda juu, humeza hewa na kuitumia kupitia utumbo. Wangu alikuwa akipanda kila saa, nami nikidhani anacheza. Nikamrekodi hata video.

Alikufa Jumapili asubuhi.

Kosa ni langu. Nilimwangalia kila siku na sikuwahi kuuliza kwao kukoje. Na sisi hufanyiana hivyo: fulani ni mgumu, atajipanga. Nani kwenu mnamwita mgumu? Ulimwuliza lini anaendeleaje?

Kokoto nimezitoa. Sinunui mwingine hadi nipate mchanga laini na pesa ya samaki sita.