Mitali Juu ya Mizani

Katika Kiswahili neno fedha ni jina la madini meupe, na ni jina la sarafu pia. Mgeni aweza kudhani kuwa lugha ilipungukiwa na neno la pili. Wazee wa Mrima hawakuhisi upungufu huo, maana kilichokuwa sarafu kibindoni leo, kesho kilikuwa pambo katika kifundo cha mguu wa mwanamke.

Bibi mmoja wa Tandika, katika Temeke, alirithi kwa mama wa mama yake mitali miwili, yaani vikuku vya miguuni, vya fedha. Ilikaa sandukuni miaka mingi, imefungwa katika kipande cha kanga, wala haikutoka ila kwa kusuguliwa ndimu na majivu. Mjukuu wake alipopata nafasi ya chuo, na karo ikapungua, bibi aliitia kikapuni akaenda naye kwa sonara.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie hii."

Sonara aliipima, akataja bei ya gramu na jumla yake. Bibi akauliza kama mkono wa aliyeifua hauhesabiwi. Fundi akajibu kwa adabu kwamba yeye hununua ya kuyeyusha, na moto hauachi nakshi.

Si haki kumlaumu sonara, kwani mitali hiyo ilizaliwa katika moto huo huo. Fundi wa zamani hakuwa na ghala ya madini. Aliyetaka pambo alileta sarafu zake. Ilikuwako reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo hata ikipigwa karne ya pili baada yake ilibeba mwaka 1780, mwaka aliokufa. Uzito wake ulikuwa gramu 28 na kitu, na sehemu 5 katika 6 zilikuwa fedha. Ilikuwako pia rupia, ya Kihindi na ya Kidachi, yenye uzito wa tola moja na fedha bora zaidi. Sarafu ziliyeyushwa, zikatiwa katika kalibu, zikafuliwa juu ya fuawe. Mwanamke alitembea na akiba yake miguuni, mali yake mwenyewe, na siku ya njaa au ya msiba aliiweka rehani.

Mwaka 1921 ilitolewa shilingi ya Afrika ya Mashariki, na ndani yake fedha ilikuwa robo tu. Baadaye hata robo hiyo ikaondoka, ikabaki shaba na nikeli. Sarafu ikaachana na madini, ila jina likabaki moja, na huenda ndilo linalowafanya watu waliuze pambo kama wavunjao noti.

Mbali sana, katika nchi kavu ya kusini-magharibi mwa Marekani, Wanavajo walijifunza ufundi huu kwa Wameksiko katika karne ya 19. Nao waliyeyusha dola na peso, kisha wakapachika feruzi, jiwe la rangi ya maji ya pwani. Nao waliweka mapambo rehani kwa wenye maduka wapate unga na kahawa, wakayakomboa baadaye. Lakini huko leo pambo la kale hununuliwa kwa bei iliyo mbali na uzito wake, kwa sababu wanunuzi wamezoea kulipia mkono na umri. Tandika haina mnunuzi wa namna hiyo, ina mizani.

Bibi alifikiri kwa muda. Mjukuu alimsihi waondoke, karo itafutwe kwingine, bibi hakumjibu. Aliuza mmoja. Wa pili aliufunga tena katika kanga, ijapokuwa fundi alimkumbusha kuwa mtali hauvaliwi peke yake.

"Najua," akasema, kisha akamtaka mjukuu amsomee mizani mara nyingine kabla moto haujawashwa.