Kulea Wasio Wako Kinanie

Ninaposema kwamba najitolea kuwalea vijana na akina mama waliojifungua karibuni, watu huniuliza huwa nawafundisha nini. Mafundisho ni sehemu ndogo ya kazi hii. Wengi wao wameshahutubiwa vya kutosha, kanisani, kwenye baraza la chifu na redioni. Wanachokosa ni mtu mzima anayesema atakuja Jumamosi, na Jumamosi ikifika akaja.

Kinanie ni kata ya Mavoko, Kaunti ya Machakos, kwenye tambarare za Athi. Mvua ikinyesha udongo mweusi hunasa viatu, kiangazi kikiingia maji hununuliwa kwa mtungi. Vijana hufika huku kwa sababu ya kazi. Eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje (EPZ) la Athi River, lililotokana na sheria ya mwaka 1990, limewavuta washonaji kutoka kila pembe ya Kenya, na hapa Kinanie serikali ilitenga ekari 500 za kujenga viwanda vya ngozi. Mtu huja na begi moja na namba ya simu ya binamu. Msichana akishika mimba akiwa huku, nyanya yake yuko Kitui au Kakamega. Hana wa kumkorogea uji wala wa kumshikia mtoto alale kidogo. Hana pia wa kumwambia kwamba huzuni inayomwelemea tangu ajifungue huwapata wengi, na kwamba hospitalini hutibiwa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika vyumba vya kupanga vya Kinanie, mara nyingi huo mmoja ndio uliopo.

Mama mmoja kijana nilimkuta kwenye chumba cha mabati, jua la mchana likichoma, mtoto akilia hadi sauti inakauka. Majirani walikuwa wamemwambia maziwa yake hayatoshi, anunue ya ng'ombe. Nilimwomba amnyonyeshe nikiwa pale. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu tu. Tukamgeuza tumbo lielekee kwa mamake, tukangoja afungue kinywa wazi kabisa, kisha mama akamsogeza mpaka kidevu kikagusa titi. Muda si muda tukaanza kusikia anavyomeza. Ndipo tukafungua kijitabu cha mama na mtoto, nikamwonyesha mstari wa uzani na tarehe ya chanjo ya wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Nilimweleza pia dalili ambazo zikitokea asiningoje mimi wala mtu mwingine: mtoto kukataa kunyonya, kupumua mbiombio au kuwa na joto jingi, yeye mwenyewe kutokwa na damu nyingi, kupata homa au kuumwa na kichwa huku macho yakiona ukungu. Mimi si muuguzi, na mlezi wa kujitolea asiyejua mipaka yake ni hatari kwa anaowalea.

Baada ya hapo huja swali la kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Lakini kibarua anayechaguliwa langoni kila asubuhi humdai nani likizo? Kwa hiyo tunakaa naye na kupiga hesabu: ujira wa siku, nauli, malipo ya kumwachia mtu mtoto, kinachobaki. Tunamtafuta mlezi wa mtoto mapema na kwenda kumwona anapoishi, tuone watoto wangapi wamo humo ndani na wanalala wapi.

Wale ambao bado ni wanafunzi, tunarudi nao shuleni. Sera ya kumruhusu msichana arudi masomoni baada ya kujifungua ipo tangu mwaka 1994, na mwongozo wake ulitolewa upya mwaka 2020. Hata hivyo, msichana akienda peke yake ni rahisi kuambiwa arudi wiki ijayo. Akienda na mtu mzima anayeijua sera hiyo, hukaribishwa kiti. Na akiwa hajafikisha miaka 18, aliyempa mimba amevunja sheria. Hayo si mambo ya wazee kumaliza kwa mbuzi. Tunapiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, na tunabaki naye hadi kesi ishike njia.

Kwa vijana wa kiume, mara nyingi mlango wa kwanza ni kitambulisho. Bila hicho huandikishwi kazini, husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti. Kijana mmoja alikuwa ameahirisha kwa muda mrefu, nami nikadhani ni uvivu hadi tulipokuwa kwenye foleni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, wakiniuliza nyumbani ni wapi, niseme wapi?" Babake hakumjua, na mamake alikuwa amehamahama akifuata vibarua. Tukatoka kwenye foleni, tukakaa kando, tukaandika kila mahali alipowahi kuishi na nani huko angeweza kumtambua. Ilibidi tuanzie kwa chifu wa kwao mamake. Alikipata. Leo anasomea uchomeleaji wa vyuma.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha walichokiona kwa zaidi ya vijana elfu moja walioomba kupewa walezi wa kujitolea. Waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Walioachwa kabla ya miezi mitatu walishuka katika namna walivyojithamini. Nayaamini matokeo hayo kwa sababu nimeyaona huku. Kijana aliyewahi kukimbiwa na baba, akakimbiwa tena na mgeni aliyekuja na fulana na kamera, humfungia mlango yeyote anayefuata.

Kwa hiyo anayetaka kujiunga nasi tunaojitolea huku huwa namweleza masharti mapema. Chagua mtu mmoja au wawili, usichukue kumi. Panga siku unayoiweza hata ukiwa umechoka, uishike kwa mwaka mzima. Usitoe ahadi ya pesa. Mjue mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, kwani tangu mwaka 2023 serikali imewapa vifaa zaidi ya wahudumu 100,000 nchini, na wao huingia nyumba ambazo wewe huzijui. Ukilazimika kuhama, mwambie unayemlea mapema, umkabidhi kwa mwenzako mkiwa nyote watatu. Kama mwaka huu huwezi hayo, tusaidie kwa njia nyingine, nasi tutashukuru. Lakini usimwanze mtoto wa watu.