Mlango wa Kuelekea Manzese

Mwaka juzi niliombwa maoni kuhusu mchoro wa jengo la kazi la pamoja, lililokusudiwa kuwaunganisha wakazi wa Sinza na Manzese. Niliusifu kikaoni: intaneti, meza za wanafunzi, ukumbi wa mikutano. Mama mmoja, fundi cherehani wa Manzese, akaniuliza kwa upole ulioniumiza, “Dokta, na sisi tutaingilia wapi?” Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulielekea Sinza. Wala hapakuwa na umeme wa kutosha mashine za kuchomelea, wala mahali pa kurandia mbao.

Mitaa hii ni jirani kwa ardhi, si kwa historia. Katika miaka ya 1970, mradi uleule wa mkopo wa Benki ya Dunia uliipimia Sinza viwanja vipya. Manzese, iliyokwisha kujengwa bila kupimwa, ikaboreshewa barabara na maji. Mpaka ule ungali hai vichwani mwetu sisi wasomi. (Nami naishi Sinza.)

Usiku ule niliandika maoni upya: milango miwili, karakana mbele, kompyuta nyuma, na nusu ya kamati itakayopanga ada wawe mafundi. Mchoro wa pili sijauona hadi leo.