Kadi themanini zilizotupeleka Kariakoo

Jumamosi ya wiki jana nilimsindikiza mama mdogo Kariakoo. Tulipanda daladala Mbagala asubuhi na mapema, yeye amepakata mfuko wenye kadi 80 za harusi, zote zimekataliwa. Kila palipokunjwa, rangi ya zambarau ilikuwa imepasuka na kuacha mstari mweupe. Harusi ilibaki wiki mbili. Rejesho la kikoba lilikuwa Jumatano, na mkopo wenyewe ndio ulionunua mashine.

Ni Cricut Maker, mashine inayokata karatasi kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Mama mdogo alijifunza kukata maua na majina vizuri sana. Kukunja alikunja kwa rula na kucha.

Kutoka Mtaa wa Msimbazi tulijipenyeza katikati ya mikokoteni na wauza vitenge, tukapanda ngazi za jengo moja wanakochapa kadi. Humo ndani harufu ya wino inakukaba kooni. Kijana mmoja aliacha kazi yake akatusogelea.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Nimeharibu kazi ya watu.”

Akaikunja kadi moja, akaifunua. “Hujaharibu, mama. Hukuitengenezea njia ya kukunjika.”

Alituonyesha. Karatasi ngumu ya gramu 300 ukiikunja hivi hivi, upande wa nje unavutwa mpaka unapasuka. Kwanza inatakiwa ikandamizwe mstari bila kukatwa. Mashine ina kifaa chake cha kazi hiyo: kalamu butu isiyo na wino, au kigurudumu kidogo kwa karatasi nzito. Kwenye programu, mstari wa katikati unaubadilisha kutoka kukata kwenda kukunja, kisha unauunganisha na umbo la kadi. Usipouunganisha, mstari unaangukia pengine. Mashine hutangulia kukandamiza mstari, ndipo ikate.

“Pitisha kidole nyuma,” akasema. Upande wa pili wa mstari palikuwa na kituta. Kituta hicho kinakaa ndani ya mkunjo, na mfereji unabaki nje. Sisi tungekunja kinyume.

Akaongeza jambo ambalo mzazi anaweza kulijaribu leo na mtoto mwenye kazi ya mikono ya shule. Pinda karatasi taratibu kwa urefu, halafu kwa upana, bila kuivunja. Upande unaopinda kwa urahisi ndio wa kukunjia. Nyumbani hakuna mashine? Kalamu ya biki iliyokwisha wino na rula vinatosha.

Tulinunua karatasi nyingine na kalamu ile butu. Usiku ule sebuleni kwa mama mdogo mashine ililia mpaka saa sita. Mimi, kwa mazoea ya kuandika habari za afya, nilikuwa nachunga mambo mawili: kisu cha akiba kikae kwenye kifuniko, mbali na mjukuu wa miaka mitatu, na mama mdogo ainuke kila baada ya muda kunyoosha mgongo. La pili alilipuuza.

Tulipata kadi 78; mbili tulijaribia. Jumanne mteja alizipitisha moja moja chini ya taa, akalipa nusu. Rejesho lililipwa. Zile 80 za zamani wajukuu wanazichorea magari.