Gede: Ukuta ulibaki, maji yakaenda

Msomaji, ukiingia barabara ya Namanga kutoka Athi River, utajua umefika Kitengela kwa kuona kuta. Kila kiwanja kina ukuta wake, na kila ukuta una vipande vya chupa au nyaya za umeme juu yake. Mtaa wetu una ukuta wa futi saba. Mwezi wa Julai kamati ya wakazi ilitutaka tuchange pesa uongezwe futi mbili, maana wezi walikuwa wameruka mara mbili. Wiki iyo hiyo kisima cha mtaa kikaanza kutoa matope, nasi tukarudi kununua maji ya lori.

Tulikuwa katika shida hiyo tulipofunga safari ya likizo ya Agosti kwenda Pwani, mimi, mama watoto na wanetu wawili. Kifungua mimba wetu alikuwa amebeba kitabu chenye picha ya Bodiam, ngome ya Uingereza iliyoanza kujengwa mwaka wa 1385, ambayo leo ni kuta tupu zilizozungukwa na maji. Njiani aliniuliza, "Baba, kwa nini sisi hatuna mambo kama haya?" Nikamwambia asubiri.

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Malindi, baada ya kilomita 100 hivi unafika Gede. Unakata kulia kama anayekwenda Watamu, na muda si muda uko kwenye lango la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ukishalipa kiingilio, unaingia msituni. Kelele za barabarani zinakatika ghafla, kima wanakuchungulia kutoka matawini, kisha unaona ukuta wa matumbawe umesimama katikati ya miti.

Gede ulikuwa mji wa Waswahili. Watu walikaa hapo tangu karne ya 12 hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Mzungu aliyeufukua, James Kirkman, alianza kazi hiyo mwaka wa 1948 akaendelea miaka kumi. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Nilimwonyesha kijana wangu akafungua kitabu chake: miaka kumi na minne tu baada ya Bodiam. Tangu hapo hakuuliza tena.

Ukuta wa nje unazunguka ekari 45 hivi. Ndani yake upo ukuta wa pili, uliojengwa baadaye, wenye matundu ambayo wataalamu wanaamini yalikuwa ya mitutu ya bunduki. Wakubwa waliishi ndani ya ukuta huu wa pili, katika nyumba za mawe zenye vyoo na mahali pa kunawia. Wanyonge walikaa katikati ya kuta mbili, katika nyumba za udongo ambazo hazikuacha gofu lolote. (Mama watoto aliuliza sisi tungekaa upande gani. Sikumjibu.)

Ikulu ya mfalme ina nyua za kupokelea wageni, na chumba kimoja kisicho na mlango. Mtu aliingia kwa kupenya tundu lililo juu ukutani, na inasemekana hazina iliwekwa humo. Nyumba nyingine zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Zilipatikana pia bakuli za Uchina na shanga za Venice. Na katika lango la msikiti mkuu umechongwa mkuki wenye bapa pana. Kitinda mimba wetu, ambaye kila siku huona mikuki ikiuzwa kwa watalii kwenye barabara ya Namanga, alipiga kelele kwamba huo ni wa kwetu Kajiado!

La kushangaza ni kwamba Wareno walikaa Malindi, karibu tu na hapo, kuanzia mwaka wa 1512 hadi 1593, na hawakuutaja mji huu katika maandishi yao. Pengine hawakuufahamu. Basi ulikufaje? Wapo wanaowataja Wazimba, waliopita pwani hiyo mwaka wa 1589 wakiua watu. Wengine wanataja mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, na kuhama kwa mtawala wa Malindi kwenda Mombasa mwaka wa 1593. Lakini sababu moja unaweza kuiona kwa macho yako. Kando ya msikiti mkuu pana kisima kirefu. Nilitupa kijiwe ndani, jambo ambalo halifai, msiniige. Hakikulia majini. Inaaminika kwamba maji yalizidi kushuka ardhini hadi kamba haikuyafikia.

Ukuta ungali umesimama. Mwaka wa 2024 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Tuliporudi nilikuwa na shughuli Kajiado mjini, kilomita 50 hivi kutoka kwetu. Jina hilo linatokana na Olkejuado, maana yake kwa Kimaasai ni mto mrefu. Siku hiyo mto huo ulikuwa mchanga mtupu, na kina mama walikuwa wamefukua mashimo wakichota kwa vikombe. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja ng'ombe wake wanywe alinieleza jinsi walivyoishi. "Kijana wangu, zamani maji yakihama, nasi tulihama. Sasa tutapitia wapi?" akasema, akionyesha nyua za waya kila upande.

Nyumbu nao walikuwa wakitoka mbuga ya Nairobi wakati wa mvua na kutawanyika Kitengela. Kuanzia mwaka wa 2000 wenye mashamba walilipwa dola nne kwa ekari kila mwaka wasizungushe ua. Lakini ploti iliuzwa kwa bei iliyozishinda hizo dola nne, na hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuta Kitengela ina watu zaidi ya 150,000. Wengi wetu, nikiwamo mimi, tunategemea visima.

Niliiandikia kamati ya mtaa barua, nikaomba pesa za zile futi mbili zitumike kwanza kupima maji ya kisima chetu yameshuka kiasi gani. Nikaeleza habari za Gede kwa kirefu. Mweka hazina, ambaye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliisoma yote akasimama langoni pangu. "Ndugu," akaniuliza, "huko Gede kuna hoteli nzuri?"